Vichwa Viwili vya Tabo na Kilima Kimoja

Jumatatu, 3 Machi

"Kuipa injini ya kawaida vichwa vya tabo ni kumvalisha kofia ya bwana harusi mtu aliyekataliwa posa." Ndivyo alivyoandika jirani yangu jana katika kundi la simu la mtaa, nilipotangaza mpango wangu, mbele ya watu wazima. Watu wakacheka. Mwenyekiti wa mtaa akaweka kile kiuso cha manjano kinachotokwa machozi kwa kicheko. Mwenyekiti mzima!

Nakanusha. Kofia haifanyi kazi yoyote, imekaa tu. Kichwa cha silinda kinafanya kazi: vali zinafunguka na kujifunga, hewa inaingia, moshi unatoka. Tena, chenye nguvu kina nguvu popote kilipo. Simba ukimhamishia kwenye zizi la mbuzi hawi mbuzi. Na aliyesema ni nani? Mwalimu wa udereva mstaafu, mtu aliyemaliza ujana wake akikanyaga breki kwa niaba ya wengine. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Breki. Atajua nini kuhusu mwendo?

Ugomvi haukuanzia kwenye simu. Ulianzia kilimani. Breki ana gari la aina moja na letu, injini ile ile iliyolala chali, silinda mbili kushoto, mbili kulia, na kila upande una kichwa chake cha chuma kinachofunika silinda. Asubuhi tunapanda kilima cha zahanati kwa wakati mmoja. Mimi nakwenda kiwanda cha uchapaji, ambako kazi yangu ni kusahihisha makosa ya wengine. Yeye anakwenda kusoma magazeti ya bure. Katikati ya mlima ananipita, na akinipita ananyanyua vidole viwili kutoka kwenye usukani. Si salamu ile. Ndivyo mwalimu anavyomwonyesha aliyefeli kwamba aje tena wiki ijayo.

Nimesoma. Vitabu, majarida, mabishano ya watu mtandaoni, hadi macho yakawasha. Gari la tabo lina konokono wa chuma anayesukuma hewa ndani ya injini kwa nguvu. Konokono huyo ni ghali na ana maradhi mengi. Lakini vichwa vya injini yake vinauzwa peke yake. Chukua vichwa, mwache konokono. Nguvu bila maradhi. Nashangaa hakuna aliyewahi kuliwaza hili. Wapo walioandika kwamba halifai, lakini hao niliwasoma harakaharaka. Tahajia yao ilikuwa mbaya sana.

Nimemweleza mke wangu wakati wa kula. Akasema gari ni la marehemu baba yake, linawaka, linakwenda, na Jumamosi kabla ya saa sita mchana mapazia ya wodi ya wazazi lazima yawe zahanati, kule kule juu. Ni kazi yake kubwa ya kwanza tangu aache kushona sare za watoto sebuleni. Yakifika kwa wakati, muuguzi mkuu atampa jengo zima. Yakichelewa, yuko mshonaji mwingine amekaa mkao wa kula. Nikamwahidi kwamba kufikia Jumamosi gari litapanda mlima kama mbuzi. Akasema hata sasa linapanda. Nikamwambia linapanda kama mbuzi wa kuazima.

Hakucheka. Watu wenye maono huoa watu wenye tarehe.

Jumanne, 4 Machi

Siku ya kutafuta fundi. Mimi naamini mjadala. Fundi asiyeweza kutetea hoja yake kwa mdomo hawezi kuitetea kwa spana.

Wa kwanza ana gereji safi karibu na kituo cha mafuta. Akakataa. Akadai vichwa vya tabo vimechimbwa kwa upana zaidi ndani, makusudi, kwa sababu konokono hushindilia hewa nyingi. Ukimwondoa konokono, chumba ni kikubwa na hewa ni ile ile. Mgandamizo unashuka, nguvu zinashuka. "Sufuria kubwa haiongezi chakula, mzee wangu." Nikamuuliza, ni nani aliyewahi kushiba kwa sufuria ndogo? Akaokota spana yake. Nikamuuliza mbele ya wateja wake kama amewahi kusoma kitabu chochote kuhusu mwako. Akasema alikisoma chuoni ila jina limemtoka. Nikamkamata hapo hapo. Jina likikutoka, yaliyomo yamebaki kufanya nini? Mwisho akapangusa mikono na kusema, "Haya mzee, umeshinda. Peleka kwingine."

Umeshinda. Kwa kinywa chake mwenyewe.

Wa pili alikuwa chini ya lori. Alisikiliza sentensi moja, akacheka, akajivuta ndani zaidi. Nikaendelea na mjadala na soli za viatu vyake. Hazikujibu. Ushindi wa pili.

Wa tatu yuko nyuma ya kiwanda cha matofali. Gereji yake ni turubai na mapipa mawili ya kukalia. Watu wanamwita Naam. Nikamweleza nadharia yangu tangu mwanzo. Akasema, "Naam." Nikamweleza ya simba na zizi. "Naam, mzee." Nikamuuliza kama ana pingamizi lolote. Akasema yeye na pingamizi hawajawahi kuonana. Hatimaye mtu mwenye akili pevu. Kazi nimempa.

Jioni kwa muuza vipuri. Vichwa viwili vya tabo, kutoka kwenye gari lililoingia mgongoni mwa trekta. Muuzaji akavigonga kwa kucha vikalia kama kengele. Akasema, "Chuma hiki kimeona mbio, baba." Nikamwambia kimeona na trekta. Akasema ndiyo maana yake: nguvu zilikuwa nyingi hadi mwenyewe akashindwa kusimama. Kama huo si ushahidi, sijui ushahidi ni nini. Tumeelewana achukue vichwa vyetu vya zamani viwe sehemu ya malipo. Vya nini tena? Anayehama nyumba habebi mlango.

Mke wangu sijamwambia habari ya kubadilishana. Si siri. Ni mpangilio wa habari.

Jumatano, 5 Machi

Nimeomba ruhusa kazini, nikasema nina mgonjwa. Injini iliyopasuliwa ni mgonjwa. Sikusema uongo.

Naam alifungua, mimi nikasimama kando na kitabu nikimsomea kwa sauti. Ukurasa wa mwako ukawa mgumu, nikauruka. Akaweka kichwa cha zamani na kipya sambamba juu ya pipa. "Mzee, hiki cha kwanza kidole gumba kinajaa. Hiki kingine kidole kinacheza." Nikamwambia siri yenyewe ndiyo hiyo. Nafasi! Naam, akasema.

Kisha akaona tundu. Ubavuni mwa kichwa kimoja, chini, upana wa kifuniko cha chupa. Halikuwepo kwenye kile cha zamani. Akauliza ni la nini. Sikujua. Lakini mtu wa hoja hasemi sijui, anauliza swali jingine. Nikamuuliza, wewe usoni una matundu mangapi? Akaanza kujipapasa. Nikamuuliza, na pua umeziba? Akasema hajaziba. Basi. Injini kali inahitaji kupumua. Liache wazi.

Akauliza pia habari ya gasketi mpya, zile karatasi ngumu zinazokaa kati ya kichwa na injini kuzuia maji na oili visikutane. Nikazitazama za zamani. Nzima kabisa, zina madoa tu. Nikamuuliza kama yeye hutupa shati kwa sababu ya doa. Akalitazama shati lake. Tumezirudisha zile zile.

Muuza vipuri alikuja kuchukua vichwa vya zamani. Akavifunga katika kipande cha blanketi, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto. Vilikuwa safi sana. Baba mkwe alibadilisha oili kama watu wengine wanavyonawa mikono. Nilihisi kitu kikinibana kidogo kifuani. Njaa, nadhani.

Nyumbani nimemkuta mama mkwe. Amekuja kusaidia kupinda mapazia. Ana macho ya mkaguzi wa hesabu aliyestaafu bila kuridhika. Akaniuliza gari la mumewe liko wapi. Nikasema linaboreshwa. Akasema marehemu, jinsi alivyomjua, alikuwa akiboresha vitu vilivyoharibika.

Nimemsogezea kiti kwa heshima. Jibu ninalo, na ni kali. Nitalitumia akiondoka.

Alhamisi, 6 Machi

Limewaka!

Likakohoa kwanza, likapiga chafya, kisha likanguruma kama jitu lililoamshwa usingizini. Turubai la Naam likatikisika. Kuku wa kiwanda cha matofali wakahama. Naam akasema ngurumo nyingine inatokea pale bomba la moshi lisipokaa sawa na kichwa kipya. Nikamwambia asitafute kasoro kwenye muziki. Naam, akasema, ila alisema akiwa amerudi nyuma hatua chache.

Nikaliendesha barabara ya tambarare hadi mwisho wake na kurudi. Nguvu ni nyingi ajabu. Sikuweza kuzipima kwa sababu kipima mwendo kilikuwa kikitetemeka, lakini masikio yangu si ya mtoto. Niliposimama nikaona oili imedondoka chini, matone mazito. Jasho. Mwenye nguvu hutoka jasho, ni mgonjwa tu anayebaki mkavu.

Breki alikuwa akipunguza matawi ya ua wake. Akaacha mkasi, akainamisha kichwa upande mmoja akisikiliza, kama daktari asiyetaka kusema mbele ya mgonjwa. Akauliza kama nimeziba njia ya kurudishia oili ya tabo. Nikamwambia awazibe wanafunzi wake midomo. Akasema jirani, sikuulizi kwa ubaya. Nikamwambia kwamba kesho saa kumi na moja jioni, chini ya kilima, gari kwa gari, atajua ni nani aliyekataliwa posa. Akatazama dirisha letu, cherehani ilikuwa ikilia ndani. Akaniuliza kama mapazia hayaendi Jumamosi.

Wameshaanza kusaidiana. Mpinzani asiye na hoja hukimbilia kwa mke wako.

Nimetangaza katika kundi. Mwenyekiti ameandika kwamba mtaa haushabikii mashindano ya magari barabarani. Kisha akaandika kwamba yeye binafsi atakuwepo kuangalia usalama.

Mke wangu ameniomba, kwa upole ambao mimi huuogopa, gari nisilipeleke kilimani kabla ya mapazia. Nikamweleza kuwa kulijaribu kabla ya kulipakia ndiyo uwajibikaji. Akauma uzi kwa meno akaukata.

Ijumaa, 7 Machi

Nitaandika yaliyotokea kwa mpangilio, bila jazba, kwa faida ya ukweli.

Upepo ulikuwa unavuma kutoka juu. Hili liandikwe la kwanza.

Mtaa mzima ulikuwepo chini ya kilima. Mwenyekiti alikuwa na filimbi. Ya usalama, alisema. Akaipuliza. Breki akaondoka bila kelele, kama anayekwenda kununua mkate. Mimi nikakanyaga, jitu likanguruma, watoto wakaziba masikio, na kwa muda mfupi nikawa mbele kwa sauti.

Kwa sauti tu. Mlima ulipoanza kusimama, gari likaanza kufikiri. Nikashusha gia. Likafikiri zaidi. Nikashusha tena, hadi gia zikaisha na mlima ukabaki. Breki alikuwa ameshapotea kwenye kona. Akanipita mtu wa baiskeli aliyebeba trei za mayai, ameinuka kwenye tandiko, ananitazama kwa huruma. Kisha akanipita muuguzi anayekwenda zamu. Kwa miguu. Akaniamkia vizuri na kuniuliza kama baba umeishiwa mafuta. Nikamjibu kwamba naipasha injini moto. Akasema haya baba, kazi njema, akatangulia.

Alipotangulia akageuka, akapiga kelele. Sikumsikia kwa ngurumo. Baadaye nimeelezwa kwamba alisema moshi.

Ni lile tundu. Mlima ulipoinua pua ya gari, oili ikaanza kutoka kwa wingi, ikamwagikia bomba la moshi lililokuwa la moto. Wingu la bluu likanifunika, mimi na hoja zangu. Maji ya rejeta nayo yakachemka. Nilipotoka nje nikaona Breki anashuka kwa miguu, bila haraka. Nikangoja vidole viwili. Hakunyanyua hata kimoja. Alisema tu, "Zima kwanza, jirani, utaiua." Halafu akamwagia mchanga mahali palipokuwa panafuka, akafungua kifuniko, akachomoa kijiti cha kupimia oili na kukiinua juani. Oili ilikuwa nyeupe kama maziwa. Maji yameingia. Akasema gasketi zimekwenda.

Sasa gari lirudije nyumbani? Halikuwaka. Kwa kushuka mlima bila injini, wakasema watu, hakuna kama Breki. Nikapinga. Ikapigwa kura barabarani hapo hapo, mwenyekiti akahesabu mikono. Nilishuka kilima nikiwa abiria katika gari la mke wangu, Breki kwenye usukani, anakanyaga na kuachia, anakanyaga na kuachia, kwa ulaini ambao, lazima nikiri, ni wa kuudhi. Pande zote mbili watu walikuwa wakituangalia tunavyoteremka kimya. Baadhi walivua kofia.

Mke wangu alikuwa mlangoni. Hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja, vichwa vya zamani viko wapi. Nikajibu viko mahali salama.

Naamini viko.

Jumamosi, 8 Machi

Kumekucha tu, nikawa kwa muuza vipuri. Niliongea naye kama ndugu. Nikamwambia biashara ile tuitengue, kila mtu abaki na chake. Akasema angefurahi sana, lakini vichwa vilinunuliwa Alhamisi na mzee mmoja mstaarabu mwenye gari kama langu. Akaongeza kwamba mzee huyo alivigeuzageuza, akasema hajawahi kuona vichwa vilivyotunzwa na mtu mwenye adabu namna hii. "Alikuwa na tabia hii," akasema muuzaji, akanyanyua vidole viwili kuniaga.

Nilirudi nyumbani mbio. Chumba cha kushonea kilikuwa kitupu. Cherehani imefunikwa. Vipande vya uzi sakafuni. Mapazia hayapo, mke wangu hayupo, mama mkwe hayupo. Wala gari la Breki halikuwepo kwenye uwanja wake.

Nikapanda kilima kwa miguu. Kwa miguu ni mlima mwingine kabisa. Nikapita lilipobaki doa la oili, limefunikwa mchanga, na nyayo za watu pembeni yake.

Wodi ya wazazi ni chumba kirefu chenye madirisha mengi upande wa jua. Nusu ya mapazia yalikuwa yamekwisha kutundikwa, rangi ya majani machanga, na chumba kilikuwa kimetulia ndani yake. Wanawake vitandani walikuwa wanayatazama. Breki alikuwa juu ya ngazi, anakaza fito za mapazia, skrubu mdomoni. Mke wangu alikuwa chini akimpa ncha za kitambaa. Mama mkwe alikuwa ameketi akipinda la mwisho. Yule muuguzi wa jana alipita na beseni, akaniamkia, akauliza kama injini imeshapata moto.

Sikujua nisimame wapi. Mama mkwe hakuinua macho kutoka kwenye sindano. Akasema, "Mkaguzi asiyeridhika anakuomba ushike ngazi, inacheza."

Nikashika ngazi. Sijui alilitoa wapi neno hilo la mkaguzi. Niliishika ngazi hadi dirisha la mwisho, uso wangu ukiwa usawa wa viatu vya Breki. Wiki hii nimezungumza na soli nyingi. Na hizi pia hazikujibu, maana sikuwa na la kuziuliza.

Muuguzi mkuu alikuja kabla ya saa sita. Alitembea chumba kizima, akavuta pazia moja, akaliachia, likarudi lenyewe mahali pake. Akamwambia mke wangu aanze kupima korido, na akimaliza korido, apime ghorofa ya juu. Mke wangu akasema asante dada, kwa sauti ndogo, kisha akageuka akatazama nje kwa muda mrefu kupitia dirisha ambalo yeye mwenyewe ndiye aliyelivalisha.

Tulipotoka aliniambia jambo, njiani, bila kugombana. Alisema, "Ningeshindwa leo, mume wangu, ningekuwa nimeshindwa kwa sababu ya vidole viwili vya mtu." Halafu akapanda gari la Breki, mbele, kwa sababu nyuma kulikuwa na mama yake na ngazi. Nafasi yangu haikuwepo. Nimeshuka kwa miguu.

Nina jibu. Lakini kila nikilianza kuliandika hapa, linakwama kwenye kalamu.

Jumanne, 11 Machi

Breki amerudisha vichwa. Hakunipa mimi. Alimpa mke wangu, katika lile lile blanketi. Alisema alivinunua alipomwona muuzaji akivipitisha mtaani, kwa kuwa alijua vitahitajika. Tena marehemu ndiye aliyemshauri, zamani, anunue gari la aina hii, hivyo hakutaka viishie kwa watu baki. Amekataa kulipwa zaidi ya alichotoa. Sharti lake ni moja tu, kazi ifanywe na yule fundi wa kituo cha mafuta.

Nimempelekea mwenyewe. Nilifikiri amenisahau. Aliponiona akaweka spana chini, akawaita wateja wake. "Jamani, hebu tumpishe mzee aliyeshinda." Wakanipisha kweli, wakasimama pande mbili. Akaweka gasketi mpya, akasafisha njia za oili, akanieleza tena habari ya sufuria. Sikumjibu. Si kwamba sina jibu. Kulikuwa na kelele.

Vile vichwa vya tabo akanirudishia katika gunia. Akaniuliza kama avitupe kwenye chuma chakavu. Nikamwambia nitavifikiria.

Jumanne, 18 Machi

Gari linapanda. Kama lilivyokuwa likipanda. Mke wangu anapeleka vitambaa zahanati mara kwa mara sasa, ghorofa ya juu imeanza, na amepata msaidizi wa kupinda. Asubuhi hii alinipa lifti hadi kazini. Katikati ya mlima Breki akatupita. Vidole viwili. Mke wangu akamjibu kwa vidole viwili! Kumbe ni salamu yao. Mama mkwe, kiti cha nyuma, alijibu kwa mkono mzima.

Tangu wiki iliyopita nimekaa kiwandani mbele ya karatasi za makosa ya watu, na nimelipitia upya suala zima, kwa utulivu, bila chuki. Nimegundua mahali tulipokosea. Tulikosea. Nasema kwa wingi, kwa sababu Naam alikuwepo.

Nadharia ilikuwa sahihi. Hata adui amethibitisha: fundi wa kituo cha mafuta alisema nini? Alisema chumba ni kikubwa na hewa ni ndogo. Sasa mtu akikuambia sufuria ni kubwa na chakula ni kidogo, mwenye akili anatupa sufuria? Anaongeza chakula. Vichwa havikuwa na kosa. Kilichokosekana ni konokono. Na lile tundu, lililochekwa na mtaa mzima, ndilo njia ya kurudishia oili yake. Lilikuwa linamngoja. Nililiacha wazi kwa sababu, nikitazama nyuma, nililijua.

Nimepita kwa Naam. Akasema, "Naam, mzee." Muuza vipuri naye anaye konokono mmoja, ametoka kwenye lori la mchanga. Ni mkubwa kidogo. Kikubwa hupunguzwa, kidogo hakikuzwi. Nimeshambeba.

Tatizo ni moja. Tangu juzi ufunguo wa gari haupo kwenye ndoano nyuma ya mlango. Nikajiuliza, ni nani angejua ninachowaza, ikiwa sijamwambia mtu? Nikakumbuka habari ya mkaguzi asiyeridhika. Neno lile nililiandika hapa, Jumatano ile, na sijawahi kulitamka mbele ya kiumbe yeyote. Nikafungua ukurasa wake. Kuna kipande cha uzi wa kijani katikati, rangi ya majani machanga.

Basi haya yanayofuata nayaandika kwa ajili yenu nyinyi wawili, mke wangu na mama mkwe wangu, na hamna sababu ya kujifanya hamkuyaona. Ufunguo urudi kwenye ndoano kabla ya kesho asubuhi. Konokono asiguswe. Yuko chini ya kitanda, upande wa mke wangu, na ndiye aliyekuwa akimgonga kisigino tangu jana. Na mwenye hoja ya kunipinga asiende kuinong'ona kwa jirani. Aiandike hapa chini, kwa kalamu, kwa tahajia nzuri.

Nimeacha nafasi.